Namba ya Zamani kwenye Kompyuta ya Mama Yako

Mwanangu Rehema,

Barua huanza kwa kuuliza hali ya anayeandikiwa, lakini hali yako naijua. Umetoka hapa sasa hivi kwenda kumuaga shangazi yako, na kwa haraka umevaa kandambili za bafuni badala ya viatu. Uko mzima, na kesho asubuhi unapanda basi la Morogoro kwenda kuanza kazi. Nami nimekaa kwenye meza ya chakula, naandika kabla hujarudi, kwa sababu nikianza kwa mdomo nitaishia kukuuliza kama umefunga begi.

Mambo ya kila siku sitayaandika. Najua shangazi yako anakumwagia yote muda huu: chemsha maji, funga mlango, usizoee kula kwa watu. Yote ni kweli. Mimi nataka kuandika juu ya neno ulilosema jana ukikunja nguo. Ulisema, "Baba, najaribu mwezi mmoja tu. Nikiona huwezi kukaa peke yako, narudi." Ulisema bila kuniangalia, nami nikanyamaza. Nilinyamaza hivyo hivyo mwaka jana uliposema hutakwenda Mwanza. Sitaki kunyamaza mara ya pili. Lakini ili unielewe, inabidi nikueleze jambo la ofisini ambalo unadhani unalijua lote, na hulijui lote.

Mama yako alikuja Korogwe kutoka Kwamsisi akiwa na sanduku la bati na cheti cha kupiga chapa. Alipoingia ofisi ya chama chetu cha wakulima mimi nilikuwa karani tayari, na nilidhani najua kila kitu. Intaneti ilipoletwa mara ya kwanza, wewe uko shule ya msingi, fundi hakunionyesha mimi, alimwonyesha yeye. Alimwambia kila kompyuta ina namba yake, kama nyumba za mtaani, na kompyuta zetu zote nne zina namba moja ya lango, ambako kila kitu kinachotoka nje ya ofisi lazima kipitie. Mafundi wanaiita getiwei. Mama yako hakuamini kitu kisichoandikwa. Alichukua plasta nyeupe ya vidonda, akakata vipande vinne, akaandika kwa wino wa bluu, akabandika kipande kimoja chini ya kioo cha kila kompyuta. Juu namba ya mashine, chini namba ya lango. Saba zake alizikata katikati kwa kistari, na mwisho wa kila namba aliweka nukta nzito kana kwamba amemaliza sentensi.

Mwenyekiti alipoziona akamtania, "Mama Rehema, kompyuta zetu zimeumia?"

"Bado," akajibu. "Zitaumia Baba Rehema akizigusa."

Ofisi nzima ilicheka. Nami nilicheka, kwa sababu ilikuwa kweli.

Nyumbani pia ilikuwa hivyo. Ulipotaka viatu vya shule ulimwambia yeye, naye aliniambia mimi nikiwa bado navua vyangu mlangoni. Nilipochukizwa na matokeo yako ya hesabu sikukwambia wewe, nilimwambia yeye, naye akakuletea yakiwa yamepoa. Mwaka ule uliopata ugonjwa wa macho, nilikaa nje ya wodi nikimsubiri atoke aniambie unaendeleaje, wakati mlango ulikuwa wazi na ningeweza kuingia mwenyewe. Sikuwa baba mkali. Nilikuwa baba aliyezoea kupitishiwa.

Alipofariki tulibaki wawili humu ndani, watu tusiojua kuzungumza moja kwa moja. Jioni uliweka chakula, mimi nikasema ahsante, wewe ukasema haya. Mara nyingi nilitaka kukuuliza jambo, nikajikuta nageuza shingo kuelekea jikoni kumtafuta wa kumtuma.

Mwaka mmoja baada ya msiba, chama kikabadili intaneti. Ile ya zamani ilikatika kila mvua iliponyesha, mwenyekiti akaona tuhamie kampuni nyingine. Aliyefanya kazi hiyo ni fundi Mhina, unamfahamu, yule aliyekuwa akihudumia kompyuta zetu tangu zamani. Alifunga ukutani ruta mpya, kile kisanduku ambacho ndicho lango lenyewe, ya zamani akaichomoa na kuitupia stoo. Kisha akatueleza kwamba namba za mashine zetu zinabaki vilevile, kinachobadilika ni lango tu. Lango la zamani liliishia na moja, hili jipya linaishia na mia mbili hamsini na nne. Akabadili kompyuta ya mwenyekiti, ya mhasibu na ya stoo. Kila alipomaliza alibandua plasta na kubandika karatasi iliyochapwa. Alipofika ya nne, ile ya dirishani aliyokuwa akitumia mama yako, umeme ukakatika.

Nikamwambia, "Nenda tu fundi, si una safari ya Handeni? Hii nitaibadili mwenyewe umeme ukirudi."

Akaniandikia hatua zote kwenye karatasi, akaikunja, akanitia mfuko wa shati kwa mkono wake. "Baba Rehema, usisahau. Usipoibadili itaonana na wenzake humu ndani, itachapa, utadhani ni nzima. Lakini kitu hakitoki nje. Itakuwa inapeleka vitu kwa lango ambalo halipo."

"Sitasahau," nikasema.

Na sikusahau. Hilo ndilo usilolijua, Rehema. Umeme ulirudi alasiri. Nilikaa kwenye kiti chake, nikatoa karatasi, nikafika hadi mahali pa kuandika namba mpya. Nikatazama plasta. Nikashika ukingo wake kwa ukucha, nikaona imekauka, ikitoka itatoka vipande vipande. Nikafikiri, basi nibadili ndani ya mashine, plasta niiache. Lakini hapo maandishi yake yangekuwa yanasema uongo. Ofisi nzima palikuwa pamebaki mahali pamoja tu ambapo neno la mama yako lilikuwa bado linafanya kazi, na mkono wa kulifuta ulikuwa wangu. Nikafunga ukurasa bila kuandika kitu. Nikajiambia kompyuta moja kati ya nne si hoja.

Wiki iliyofuata niliandika kwenye mashine ile ile orodha ya wakulima wa Bungu, kule milimani, waliotaka mbegu za maharage kabla ya vuli. Nikabonyeza kutuma. Ukurasa ukaondoka machoni, printa ikatoa nakala yangu safi, nami nikasema moyoni kwamba mafundi nao hutia chumvi. Sikurudi kuangalia. Mtu ambaye hataki kujua haangalii.

Mvua zikaanza. Vijiji vya bondeni vikapata mbegu, kwa sababu orodha zao zilitumwa na mhasibu. Bungu hawakupata hata kiroba. Siku ya soko Mama Salehe akateremka kutoka huko juu, khanga imejaa matope hadi magotini. Ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi, nikasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbegu."

"Mbegu zipi, mama?"

"Wewe ndiye karani, unaniuliza mimi zipi? Shamba limelimwa, liko wazi kama mdomo wa mtoto mwenye njaa. Wenzetu wa huku chini nimewaona njiani wanapalilia. Sisi tumekukosea nini?"

Nikamwambia intaneti mpya inasumbua. Nikamwambia huenda wauza mbegu wamechelewa. Maneno yalinitoka mengi. Hapo ndipo ulipoingia na hotpoti ya chakula changu cha mchana. Ulimwamkia Mama Salehe, ukasikia habari, ukakaa kwenye kile kiti bila kuniomba ruhusa. Haikuchukua muda.

"Baba, kuna barua pepe kumi na tisa zimekaa humu hazijatoka. Hii mashine inapeleka vitu kwa nani?"

"Kwa hiyo namba hapo," nikasema, nikionyesha plasta.

"Lakini ruta ya namba hiyo iko stoo. Haina hata waya wa umeme."

Ulitazama plasta kwa muda. Uliutambua mwandiko. Hukuigusa. Uliandika lango jipya ndani ya mashine, ukabonyeza, na barua zikaanza kutoka, moja baada ya nyingine, za miezi karibu miwili. Mama Salehe alikuwa amesimama nyuma yako akizitazama.

"Sasa zinakwenda?"

"Zinakwenda, bibi."

"Na mbegu zinakuja?"

Jibu la wauza mbegu lilikuja siku ya pili kwamba mbegu za msimu zimekwisha.

Lakini siku ile ile ya soko, mwenyekiti alipoingia na kuuliza nani aliiacha kompyuta ile, wewe ulikuwa bado umekaa pale, na Mama Salehe bado amesimama nyuma yako. Nilijibu haraka, "Fundi aliisahau." Ukanitazama. Akakugeukia wewe, kwa kuwa ulikuwa umetoka chuoni kusomea kompyuta, akauliza kama inawezekana. Ukasema, "Inawezekana, watu husahau." Hukujua kama ni kweli au si kweli. Ulimwamini baba yako. Siku hiyo hiyo mwenyekiti akampigia simu Mhina kumwambia asije tena.

Nimekosa mengi maishani. Niliwahi kuuza ng'ombe wa babu yako bila kumwuliza, niliwahi kumwacha mama yako asubiri stendi ya Handeni kutwa nzima. Lakini kukutia wewe neno la uongo mdomoni, mbele ya mkulima ambaye shamba lake liko wazi, ndilo linaloniamsha alfajiri.

Mama Salehe alipanda maharage aliyoweka ya kula, nusu yake yamebunguliwa. Yaliota kwa mapengo. Nawe mwezi huo huo ukapata barua ya kazi ya Mwanza. Uliniletea, nikaisoma, nikakurudishia, nikakohoa. Nina mafua ya kweli mara mbili kwa mwaka, unajua. Lakini wiki ile nilikohoa kuliko kifua changu kilivyohitaji. Nilikohoa ukipita ukumbini, nilikohoa ukifungua mlango. Siku ya tatu ukasema, "Baba, Mwanza ni mbali, nimewaandikia siji." Kikohozi kikapona siku mbili baadaye. Sikukwambia usiende. Sikuwa na haja ya kusema.

Ukabaki. Ukawa unapika, unafua, unatengeneza simu za majirani barazani, na mimi nikawaambia watu kwamba binti yangu ananipenda. Ni kweli ulinipenda. Ila sikuwaambia sehemu yangu.

Kilichonigeuza ni maharage. Baada ya mavuno, Mama Salehe aliingia ofisini na mfuko mdogo wa rambo, akauweka mezani kwangu. Nilidhani amekuja kulalamika tena.

"Ya mboga," akasema. "Kidogo, ndiyo niliyopata. Mwenzako aliyekuwa amekaa hapo dirishani alikuwa akinisomea barua za mwanangu, haniharakishi. Nimejua juzi tu kwamba hayupo. Pole, karani."

Akaondoka kabla sijasimama. Nilikaa na ule mfuko. Mtu niliyemnyima mbegu ameniletea chakula, tena kwa heshima ya mama yako, yule yule ambaye kwa ajili ya mwandiko wake nilimnyima mbegu. Nikaona kwamba plasta ile sikuwa namhifadhia mama yako. Yeye angeibandua siku ile ile na kuandika nyingine, na nukta mwishoni.

Jumamosi hiyo nilikuaga nakwenda Handeni kwa wajomba zako. Sikwenda Handeni. Nilikwenda Segera kumtafuta Mhina. Nilimkuta njia panda, ana meza ya kava za simu na chaja, upepo wa malori unampeperushia mwavuli. Aliniona tangu nashuka.

"Karibu, mteja," akasema. "Kava nyeusi au ya maua?"

"Mhina, nimekuja kukuomba radhi. Kompyuta ile hukuisahau. Niliiacha mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"Karatasi nilikutia mfukoni mwenyewe, Baba Rehema. Nilijua, nikasema huyu mzee ana lake, atakuja. Sikujua atachukua miezi minne. Unajua nimeshika nguzo ya huu mwavuli mara ngapi?"

Nilitaka kumweleza habari ya plasta, akanikatiza. Alisema aliiona siku ile, aliona nilivyoitazama, na ndiyo maana umeme ulipokatika hakusubiri urudi. Hata yeye aliona vibaya kuibandua. Upepo ukaja, tukaushika mwavuli pamoja, wanaume wawili wazima kwenye meza ya kava za simu. Kisha akauliza, "Na kifua?"

"Kifua gani?"

"Binti yako alipita hapa akitoka Tanga. Kasema amekataa Mwanza, baba anakohoa sana."

"Siku hizi sikohoi."

Mhina alicheka hadi akashika meza. "Mzee! Umepona lini, basi la Mwanza lilipoondoka?"

Sikukasirika. Nilicheka pia, na katikati ya kicheko nikaona aibu. Ndipo aliponiambia kwamba kuna watu Morogoro anaowafahamu, kazi yao ni kwenda kwenye maofisi yanayohama kutoka intaneti moja kwenda nyingine, na wanatafuta mtu makini. "Nimweleze?" akaniuliza. Aliniuliza mimi, Rehema, na angeweza kukwambia wewe moja kwa moja. Nikamwambia, "Mweleze leo. Usipitie kwangu."

Kwa hiyo ile simu uliyoona ni bahati, sasa unajua ilikotoka.

Jumatatu nilimwambia mwenyekiti ukweli. Akasema ningekuwa kijana angenifukuza. Mhina alirudishiwa kazi. Kisha nikapanda Bungu kwenye mkutano wa wakulima, nikasimama nikawaambia kwamba mbegu zao hazikupotezwa na intaneti wala na fundi, zilipotezwa na mimi, na binti yangu alisema asichokijua kwa sababu mimi nilimdanganya. Jina lako nililisafisha mbele yao. Mzee mmoja akasema karani aandikiwe adhabu. Mama Salehe akasema, "Adhabu yake aje kusoma orodha huku huku, tukimwona anatuma." Hiyo ndiyo sababu kila mwanzo wa msimu huniona napanda Bungu na kompyuta ndogo ya chama mgongoni. Wewe ulidhani ni cheo. Ni adhabu, na nimeipenda. Wananichemshia mahindi, wananikosoa majina. Msimu huu Bungu walipata mbegu kabla ya bondeni.

Sasa turudi kwenye mwezi wako mmoja.

Najua ninavyoonekana kwako. Mzee anayekula amesimama, anayesahau dawa ya macho. Hayo ni kweli na yatazidi kidogo kila mwaka. Lakini mwaka jana ulinionea huruma kwa kitu ambacho nilikitengeneza mwenyewe, na sasa unataka kubeba huruma ile ile hadi Morogoro, uiweke karibu na kitanda, kila jioni uipime kama imetosha kukurudisha. Nakuomba uiache hapa. Ukiona kazi haikufai, acha kazi, rudi, mlango huu ni wako. Ukichoka, rudi. Ila usirudi kwa sababu yangu. Ukisikia sauti yangu imeshuka kwenye simu, niulize, "Baba, ni kweli au unataka nije?" Nitakujibu. Nimejifunza kujibu, ingawa naandika kwa sababu bado sijajua vizuri kusema.

Huko utaingia ofisi nyingi za watu. Kazi utaijua kuliko mimi, sitakufundisha namba. Nakwambia hili tu, kwa kuwa nimelikalia: ukimkuta karani anazuia mkono wako usiguse mashine moja, usimwone mjinga. Mwulize mashine hiyo ilikuwa ya nani. Mpe muda wa kujibu. Kisha ibadili, na usiondoke kabla hujaona kitu kimetoka nje kweli.

Na huko usiniambie mambo yako ukiwa umeyapunguza ili nisiumie. Nipe kama yalivyo. Mama yako alinizoesha kupokea vitu vilivyopoa, lakini nina meno bado.

Nasikia lango la nje. Ni wewe, unacheka na mtoto wa jirani. Nitaikunja hii niitie mfuko wa pembeni wa begi lako. Nadhani utaiona mbele ya Segera, ambako hakuna kushuka na kurudi kwa urahisi. Huo nao ni ujanja, nakiri mapema.

Kesho stendi sitakuwa na maneno mengi. Nitakubebea begi, nitagombana na konda juu ya mahali pa kuliweka, nitakuuliza kama una maji. Halafu ukishakaa kwenye kiti chako, usinitafute dirishani hadi basi likate kona. Sitasimama pale kupunga mkono hadi unionee huruma. Basi likiwa bado linaunguruma, nitageuka na kwenda zangu ofisini kwa miguu, kwa mwendo wa mtu mwenye kazi ya kufanya. Ukiuona mgongo wangu unaondoka kabla yako, usilie, mwanangu. Hiyo ndiyo ruhusa niliyokunyima mwaka jana.

Mimi ninayekupenda bila kumtuma mtu,
Baba yako.